Taa ya Kushoto Haiinuki

Manyamanyama, Bunda
7 Machi 1993

Mdogo wangu Leodgar,

Nakusalimu wewe, Selestina na watoto. Sisi huku tunaamka. Juma lililopita nilikwenda Buswahili kumwona mama. Goti linamsumbua, lakini shambani anakwenda mwenyewe, na ukimwambia apumzike anakuuliza nani atapalilia. Mihogo imekaa vizuri. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Hyasinta yupo kidato cha pili, amenipita urefu, anasoma, hana neno.

Sasa nikueleze kilichonishikisha kalamu. Ni lile gari la mume wangu. Tangu Werema aliposema anakwenda Geita kwenye dhahabu, Januari ya mwaka jana, limekaa uani chini ya turubai. Kila Jumamosi naliwasha robo saa kama alivyoniagiza, nasogeza mbele, narudisha nyuma. Injini nzima. Ila unajua taa zake hazikai nje kama za magari mengine. Zimelala ndani ya boneti, ukibonyeza swichi ndipo zinainuka. Ya kulia inainuka. Ya kushoto haiinuki. Ilianzaga kuchelewa Werema akiwa bado hapa, sasa imegoma kabisa. Gari linatazama kwa jicho moja, na watoto wa jirani wamelipa jina ambalo sitaliandika.

Nataka taa hiyo ipone. Usiniulize kwa nini sasa.

Sikuombi uje. Sijasahau siku tuliyomzika baba, Werema alipoingiza gari hilo mpaka karibu na kaburi, taa zimeinuka na muziki unapiga, ukamwambia mbele ya wazee kwamba hutakanyaga nyumbani kwake mpaka kufa. Neno la namna hiyo siwezi kukuomba ulimeze. Niandikie tu nifanye nini. Nina bisibisi mbili, koleo, na spana zote za Werema. Mikono ninayo.

Barua hii nampa mama Mbuke, yule anayefuata dagaa Musoma.

Ni mimi dada yako,
Pelagia


Musoma
2 Aprili 1993

Dada Pelagia,

Shikamoo. Barua yako ilifika mapema, aliyechelewa ni mimi. Selestina alilazwa siku nne kwa malaria, sasa ameanza kula. Watoto wazima. Mvua zimeanza na kibanda changu hapa sokoni Nyasho kinavuja upande wa betri, kila jioni nahamisha. Walipotupunguza kwenye karakana ya serikali walisema tutaitwa tena. Sijui nani ameitwa. Lakini kazi ya umeme wa magari haikosekani, siku hizi magari ya Dubai yanaingia kila wiki na kila moja na ugonjwa wake.

Nimefurahi kusikia habari ya ndama.

Kuhusu taa. Kwanza vichwa vya betri. Vioshe kwa maji ya moto, vikauke, ukaze. Mara nyingi ni umeme hafifu tu. Halafu gongagonga kifuniko cha taa kwa ngumi, taratibu, huku Hyasinta anabonyeza swichi. Ikikataa, iache. Dada, gari lenyewe haliendi popote, taa ya nini? Vitu hivi vinachokaga vyenyewe.

Je, Werema amekuandikia?

Mdogo wako,
Leodgar


Manyamanyama, Bunda
11 Aprili 1993, Pasaka

Leodgar,

Pole kwa kuuguza. Mwambie Selestina anywe uji wa ulezi na asirudi kwenye maji baridi upesi. Tumetoka kanisani sasa hivi, kwaya imeimba mpaka padri akaangalia saa. Jirani ametuletea sato wawili, kwa hiyo sikukuu imekwenda.

Nilifanya ulivyosema. Vichwa vya betri vinang'aa kama vijiko vya harusi. Taa haikuinuka.

Sasa soma vizuri, maana nimechunguza. Hyasinta akibonyeza swichi, ya kulia inapanda. Ya kushoto inalia kidogo mle ndani, kama panya aliyenaswa kwenye gunia, halafu kimya. Nikafungua kile kisanduku cha fyuzi chini ya usukani. Kila taa ina fyuzi yake, na ya kushoto imekatika. Nikachukua ya honi, inalingana nayo, nikaiweka. Ikalia tena kama panya, nayo ikakatika. Fyuzi mbili. Mimi si fundi, lakini naona kuna kitu kinataka kuzunguka na kingine kinakizuia. Nimekosea?

Umeandika gari haliendi popote. Nimekuuliza namna ya kutengeneza taa, sikukuuliza gari linakwenda wapi.

Werema hajaandika. Sikujua kama unamkumbukaga.

Pelagia


Musoma
9 Mei 1993

Dada,

Shikamoo. Tumepata nafuu sote. Nilipita Buswahili siku ya Jumapili nikalala usiku mmoja, mama anakusalimu, amenipa mihogo nikashindwa kubeba yote. Anauliza kwa nini sisi wawili hatufiki kwake siku moja.

Hujakosea sana. Lakini fyuzi za magari haya ya Kijapani ni nyepesi, zinakatika bure. Kama huna nyingine, weka kipande cha waya wa shaba mahali pa fyuzi, ujaribu. Isipoinuka hapo, ujue mota imekufa na huku kwetu haipatikani, funika gari lako upumzike.

Usimwite fundi mwingine kuigusa. Watakuharibia.

Leodgar


Manyamanyama, Bunda
23 Mei 1993

Mjomba Leodgar, shikamoo. Anayeandika ni mimi Hyasinta, mama anasema na mimi naandika kama anavyosema. Mkono wake wa kulia umefungwa.

Leodgar,

Niliweka waya kama ulivyoandika. Hyasinta akabonyeza. Mota ikalia, haikunyamaza, ikaendelea kulia, moshi ukatoka pembeni ya boneti. Nikaingiza mkono chini ya usukani kuuvuta ule waya. Ulikuwa wa moto mpaka umewaka. Nimeuvuta, lakini umebaki na ngozi ya kiganja na ya vidole viwili. Hospitali wamenifunga, wanasema vidole vitakunjika tena, taratibu. Usiku wa kwanza sikulala, sasa nalala.

Felisian, fundi wa matrekta pale kiwanda cha kuchambua pamba, alisikia akaja kuniona. Akaangalia kile kisanduku, akauliza, "Nani kakwambia uweke waya badala ya fyuzi?" Nikamwambia ni mdogo wangu wa Musoma aliyesomea umeme miaka mitatu. Akaniangalia, akasema, "Aliyesomea umeme?" Halafu akaomba maji ya kunywa.

Kuna mtu alikuwa aje tarehe ishirini kuliona gari. Alikuja. Akafungua mlango, akanusa, akaondoka.

Nina swali moja tu. Ulijua, au hukujua?

Pelagia

Mjomba, mama hakusema niandike hili. Amekaa uani tangu saa nane na hataki kula.


Musoma
6 Juni 1993

Dada yangu Pelagia,

Pole sana. Pole, na nakuomba usiache dawa. Namtuma kondakta wa basi na barua hii pamoja na asali ya kupaka, Selestina anasema inasaidia ngozi ikishaanza kufunga, si kabla.

Kuhusu swali lako, mambo ya umeme yana mengi, na kwa barua mtu anaweza asieleweke. Pengine waya ulikuwa mnene mno.

Huyo mtu aliyekuja kuliona gari ni nani? Alitumwa na nani? Tafadhali nijibu hilo upesi.

Leodgar


Musoma
18 Julai 1993

Dada Pelagia,

Shikamoo.

Wiki ya sita hii hujajibu. Kondakta anasema asali uliipokea kwa mkono wa kushoto, ukamshukuru, ukafunga mlango. Ile barua ya Juni ingekuwa mkononi mwangu ningeichana. Waya haukuwa mnene mno. Nitakuandikia sasa yote, kama nilivyotakiwa kuandika Aprili.

Nilijua.

Ilikuwa Februari, kabla hujaniandikia. Nilikuwa nimeinama kwenye pikapu ya watu wa sangara, nikasikia mtu nyuma yangu anasema, "Shemeji, bado unafufua betri?" Nikageuka. Werema. Amekonda, amenyoa ndevu, viatu vya mjini.

Nikamwambia, "Sema unachotaka, nina kazi."

"Lile gari nimelipatia mteja. Mtu wa Sirari. Ila anataka taa zote mbili, hawezi kusumbuliwa na trafiki njia nzima."

"Gari liko Bunda."

"Najua liko wapi. Nenda karekebishe taa, nitakutazama."

"Kwako sikanyagi, nilikwambia."

Akacheka. "Basi mwelekeze dada yako kwa barua. Pelagia ana akili ya mikono. Ila usimwambie kama tumeonana."

Nikamuuliza Geita alitoka lini. Akasema dhahabu ni bahati na yeye hakuwa nayo. Nikamuuliza anakaa wapi. Akaonyesha kwa kidevu. Dada, ni mitaa mitatu kutoka kibandani kwangu. Jioni nilipita hapo kama mtu anayekwenda zake. Kuna mwanamke, na kuna mtoto anayetambaa.

Nilikaa na jambo hilo wiki tatu, sijui nikwambie vipi kwamba mume unayemtunzia gari ukijua yuko Geita, yuko hapa mwendo wa saa mbili kwa basi. Ndipo barua yako ikaja, na habari yenyewe ni taa ya kushoto. Nikaona kama ameshakutumia neno kwa njia nyingine, na wewe unafanya haraka ili akija alikute gari zima. Nikawaza, taa ikipona gari linauzwa, na wewe unabaki na turubai. Nikaamua isipone.

Kwa hiyo vichwa vya betri vilikuwa maneno tu. Uliponiandikia habari ya panya kwenye gunia, niliujua ugonjwa hapo hapo, hata bila kuliona gari. Mota nzima, bawaba ndizo zimekwama kwa vumbi na grisi iliyoganda. Dawa yake ni nusu saa. Ulikuwa umekaribia kuipata mwenyewe, na mimi nikaogopa, nikaandika habari ya waya. Nilitaka mota ife tu, uchoke, uache. Hata mwanafunzi wa mwezi wa kwanza anajua fyuzi imewekwa ikatike yeye ili kingine kisiungue. Nilifikiria mota. Mkono wako sikuufikiria.

Selestina nimemweleza jana. Hajanisemesha tangu hapo.

Sina la kuongeza.

Leodgar


Manyamanyama, Bunda
8 Agosti 1993

Leodgar,

Naandika kwa mkono wangu, ndiyo maana herufi zimelala. Vidole vinakunjika, cha shahada bado hakijafika mwisho.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza kwa hasira. Ya pili pia.

Habari ya Nyasho naijua tangu Novemba. Mama Mbuke anauza dagaa, anapita kila mtaa, unadhani asingemwona? Alikuja akakaa jikoni akamenya viazi vyangu vyote kabla hajaweza kusema. Mwanamke namjua mpaka ukoo wake. Nililia siku moja, Jumanne, kwa sababu Hyasinta alikuwa shule. Wewe sikukwambia kwa sababu nakujua. Ungekwenda pale na spana mkononi, halafu mimi ningekuwa na mume Nyasho na mdogo wangu mahabusu.

Sasa jambo la pili, ambalo nalo nilikuficha, na hili ndilo linaniuma. Gari si la Werema. Alipolileta mwaka tisini na moja alikuwa bado mtumishi wa ushirika, hakutaka kuulizwa gari la namna hiyo amelipata wapi. Akaliandikisha kwa jina langu, akaniapisha nisimwambie mtu, hata wewe, wewe hasa. Nikaapa. Kadi ya gari iko kwangu, ndani ya ile Biblia ya baba. Februari hiyo hiyo aliyokuja kibandani kwako, alimtuma kijana mmoja kwangu aje achukue kadi, eti akalipie leseni ya barabara. Sikumpa. Nikajua anataka kuuza. Nikasema basi nitauza mimi kwanza.

Ndiyo sababu ya taa, Leodgar. Yule aliyekuja tarehe ishirini Mei anaitwa Stanislausi, ana duka la vipuri Mwanza. Hakutumwa na mtu, nilimtafuta mwenyewe kupitia Felisian. Nilikuwa nishapanga. Gari litoke, iingie mashine ya kusaga. Watu wa hapa wanatembea mpaka mjini na debe kichwani. Stanislausi akasema magari ya taa moja yenye harufu ya moshi anayo tayari.

Mnasemaga mnanilinda. Baba alinilinda na shule ya ufundi, Werema akanilinda na kadi yangu mwenyewe, na wewe umenilinda na taa. Ungeniuliza tu, "Dada, unataka kulifanyia nini gari?" Ningevunja kile kiapo nikakujibu.

Na mimi ningekwambia la Nyasho, ungekuwa na sababu ya kuuliza. Hilo nalikubali, ni langu.

Felisian amenisaidia kuitoa mota. Imo kwenye kikapu hiki, imefungwa na kanga ya zamani, kondakta ameambiwa asiilalie. Isuke upya nyaya zake. Halafu niandikie namna ya kuirudisha, na safari hii andika kama unamwandikia mtu unayemwogopa.

Pelagia


Musoma
29 Agosti 1993

Dada,

Shikamoo. Mota imefika salama. Nimeisuka mwenyewe, siku tatu. Nyaya zilikuwa zimeungua upande mmoja, upande wa pili zikakubali kubaki. Nimeweka kaboni mpya, zile zinazopitisha umeme ndani, nilizochonga kutoka mota ya wipa ya basi. Nimeijaribu kwenye betri mara arobaini, nikaiacha ipoe, nikairudia.

Soma yote kabla hujagusa kitu. Felisian awepo, si kwa sababu huwezi, ila mkono wako mmoja bado.

Toa kile kichwa cha hasi cha betri, kifunge kwa kitambaa kisirudi chenyewe. Kisirudi mpaka nikwambie.

Kabla ya kufunga mota, inua taa yenyewe kwa mkono. Itakuwa nzito. Hapo ndipo ugonjwa wote ulipoanzia. Bawaba ziko mbili, moja kila upande. Zipake mafuta ya taa, zisugue kwa mswaki wa zamani mpaka grisi nyeusi iishe yote, ukaushe, upake grisi mpya niliyokuwekea kwenye kopo. Inua, shusha, inua. Ikiwa nyepesi kama mfuniko wa sufuria, endelea. Kama bado nzito, rudia, hata ikichukua siku mbili.

Funga mota kwa nati zake tatu. Ule mkono mdogo wa chuma unaoshika taa unafungwa kwa nati ya spana namba kumi, kaza lakini usiupinde.

Chini ya mota utapapasa kofia ya mpira. Ivue. Ndani kuna kirungu kidogo cha kuzungusha. Kizungushe kwa vidole, kuelekea upande wa mshale wa saa. Taa itapanda pole pole, itafika juu, ukiendelea itashuka. Fanya mara mbili nzima. Ikikwama popote, acha hapo, niandikie. Na hata kama mota hii ingekufa kabisa, kwa kirungu hicho ungeweza kuinua taa na kuiacha juu. Hilo nalo ningeweza kukwambia Aprili, kwa mistari miwili.

Fyuzi nimekuwekea tatu za namba sahihi. Ikikatika, usiweke kitu kisicho fyuzi.

Mwisho ndipo betri. Hyasinta anapobonyeza, mikono yenu wote iwe mbali. Ule mkono wa chuma hauna huruma.

Umeniambia niandike kama ninavyomwandikia mtu ninayemwogopa. Nimeandika hivyo.

Ungetaka kwenda shule ya ufundi? Nilikuwa mdogo, sikumbuki hilo likisemwa nyumbani. Nakumbuka tu baba alinipeleka mimi, na kwamba redio ya nyumbani ilikuwa inatengenezwa na wewe.

Leodgar


Manyamanyama, Bunda
26 Septemba 1993

Leodgar,

Salaam kwenu wote. Mama alifika Bunda kwa basi, akakaa siku tano, amerudi Buswahili kwa sababu ya kuku. Daktari anataka aletwe tena mwezi ujao aangaliwe goti kwa picha.

Bawaba zilichukua siku moja na nusu. Grisi iliyotoka ingetosha kupaka mkokoteni. Nilizungusha kirungu mwenyewe, mkono wa kushoto, na taa ikapanda. Nilipoona ule mviringo wa kioo unatoka kwenye bati, nikazungusha mpaka ikalala, nikazungusha tena. Kisha betri. Hyasinta akabonyeza. Zote mbili, pamoja. Felisian akasema, "Huyo mdogo wako ni fundi kumbe." Nikamwambia ndiyo, akitaka.

Sasa sikiliza kilichofuata. Nilimtuma mama Mbuke kwa Werema, Nyasho. Ujumbe ulikuwa mfupi, gari limepona, mlete mteja wako Jumamosi.

Wakaja saa nne. Werema akaingia uani kama mpita njia, akasalimu. Hyasinta akamwamkia. Yule mtu wa Sirari anaitwa Machage, mtu mzima, anaongea kidogo. Nikaondoa turubai. Taa zikapanda, zikashuka, mara tatu, Machage akizunguka gari na mikono nyuma. Akaliwasha, akaenda nalo mpaka barabara kuu akarudi. Akamwambia Werema, "Tuandikishane."

Werema akaniambia, "Lete kadi."

Nikaileta. Nikampa Machage. Akaisoma, akaniangalia. "Pelagia ni nani?"

"Ni mimi."

"Hakuna jina lingine hapa?"

"Hakuna."

Akamgeukia Werema. Werema akasema, "Hilo lilikuwa jambo la maandishi tu."

Machage akasema, "Na mimi nanunua maandishi."

Tukaandikishana mbele ya mjumbe, mimi na Machage. Nilitia sahihi kwa vidole hivi hivi, imetoka mbaya lakini ni yangu. Akaondoka na gari.

Werema alibaki amesimama pale lilipokuwa gari, majani hayajaota. Akasema, "Pelagia, na mimi nina mtoto."

"Najua. Anaitwa nani?"

"Wegesa."

"Jina la mama yako. Umefanya vizuri."

Akasema gari alilinunua yeye. Nikamwambia ni kweli, na Hyasinta alimzaa yeye, na miezi ishirini hii amekula kwangu, kwa hiyo asianze kunikumbusha vitu vyake, vitakuwa vingi. Sikufurahi, Leodgar. Nilidhani ningefurahi. Nilimwona ni mtu aliyechoka amevaa viatu vya mjini.

Hyasinta alikuwa mlangoni, alisikia kila kitu. Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa nguo za baba yake na ile redio, kumbe alikuwa ameshavipanga. Akaviweka miguuni pake akasema, "Baba, basi la saa tisa linajaa mapema." Werema akavichukua. Hapo ndipo nilipokaa chini.

Mashine inakuja wiki mbili zijazo, ya dizeli, Felisian ataifunga. Chumba cha mbele nimekibomoa ukuta mmoja.

Wewe ulisema hutakanyaga nyumbani kwa Werema. Mwenyewe ametoka na mfuko wake. Hapa ni kwangu. Bado nina hasira na wewe, itakuwepo kwa muda, usije ukidhani imekwisha. Lakini mama ana siku yake ya daktari tarehe kumi na nane Oktoba, na mimi siwezi kumsindikiza toka Buswahili na mashine inafungwa.

Pelagia


Musoma
10 Oktoba 1993

Dada Pelagia,

Shikamoo. Selestina anakusalimu, sasa ananisemesha. Watoto wazima.

Nimeisoma barua yako kibandani, nikafunga mapema nikaenda nyumbani kumsomea na Selestina. Tulipofika kwenye maneno ya Machage alinirudisha nyuma nisome tena.

Ijumaa nitakwenda Buswahili nilale kwa mama. Jumamosi tutapanda basi la asubuhi, mimi na yeye, na tukijaliwa tutakuwa kwako kabla ya saa tano. Nitakaa mpaka daktari amwone, na siku zitakazobaki nitamshikia Felisian spana, kama mtanihitaji. Nisipohitajika nitakaa.

Usiniandalie kitu cha wageni. Nikifika nataka kwanza kuuona huo mkono.

Barua hii usiijibu. Jibu litafika Musoma mimi nimeshatoka.

Leodgar